Baiskeli ya Kulala Imenirudishia Asubuhi Zangu

Mwenzenu naishi Utrecht, Uholanzi, mji ambao usipokuwa na baiskeli unaonekana kama huna miguu. Sasa mwaka juzi mgongo ukagoma. Dakika kumi tu juu ya tandiko, nateremka machozi yananitoka. Mwanangu wa miaka 7 akawa anaendesha kwenda shule na mama wa rafiki yake. Jamani, iliniuma kuliko mgongo wenyewe.

Jirani yangu, mzee mmoja mstaafu, akanitolea baiskeli yake ya kulala. Unaegemea kama uko kwenye kiti cha ufukweni, pedeli ziko mbele yako. Nikacheka. Mzee akasema, usicheke: mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure alikwenda kilomita 45.055 kwa saa moja juu ya baiskeli ya namna hii, akavunja rekodi. Mwaka uliofuata chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli kikazitoa kwenye mashindano yake. Nikanyamaza.

Kwanza tukaipima. Bomba la mbele lenye pedeli linasogezwa mpaka ukikanyaga kwa kisigino mguu unyooke. Ukikanyaga kawaida, goti linabaki limekunjika kidogo. Mimi nilifupi, tukalirudisha nyuma, cheni nayo ikalegea, ikabidi tupunguze pingili kadhaa.

Kuendesha sasa! Nilianguka mara tatu. Kosa langu lilikuwa kung'ang'ania usukani na kuinua mgongo kwenye kiti. Hii haitaki ubabe wa mikono. Unaweka gia nyepesi, pedeli moja iwe juu, unaegemea, unasukuma mara moja kwa nguvu, mguu wa pili unapanda hapo hapo.

Mwanangu alikuwa pembeni anapiga kelele: "Mama, usiangalie tairi, angalia mbele!" Aisee, ni maneno yangu mwenyewe, niliyomfundishia yeye. Mara ya nne ikaenda.

Kwenye daraja bado napata shida, maana huwezi kusimama juu ya pedeli. Nashusha gia mapema, nazungusha miguu mdogo mdogo. Nyuma nimefunga kibendera kirefu ili wenye magari wanione.

Watu wananishangaa, wengine wanapiga picha. Wapige tu. Mgongo haujapona, siwadanganyi, ila kila asubuhi saa mbili mtoto wangu nampeleka shule mwenyewe.