Trekta Kati ya Visiki vya Uasin Gishu

Mtu atokaye Nakuru kwenda Eldoret kwa motokaa hupanda kwanza milima ya Mau, hupita Timboroa penye baridi na ukungu, mahali ambapo reli hufikia karibu futi 9,000 juu ya bahari, kisha huanza kuteremka polepole hadi Burnt Forest, na mbele yake hufunguka uwanda mpana wa Uasin Gishu. Mashamba ya mahindi na ngano yametandazwa pande zote. Katikati yake huonekana vipande vyeusi vyeusi vya miti: mikaratusi iliyosimama kwa safu kama askari wa gwaride, miwati yenye maua ya manjano, na nyua za misaiprasi zilizozunguka nyumba na mazizi. Mgeni aweza kudhani kwamba hayo ni mabaki ya msitu wa kale. Sivyo. Karibu kila mti auonao kati ya mashamba hayo ulipandwa kwa mkono wa mtu.

Zamani sehemu kubwa ya uwanda huu ilikuwa nchi ya nyasi. Jina lake latokana na Wamasai wa Uasin Gishu waliochunga ng'ombe huko, na baada yao Wanandi walichunga vilevile. Mwaka 1908 walifika Makaburu kutoka Afrika ya Kusini na magari yao ya kukokotwa na maksai. Upepo wa uwanda haukuwa na kizuizi, na kuni zilikuwa mbali. Basi walowezi wakapanda miti. Mji wa Eldoret, ambao mwaka 2024 ulipewa cheo cha jiji, ulianzia katika shamba nambari 64, na ndiyo sababu wazee bado huuita Sisibo. Reli iliufikia mwaka 1924. Baadaye kampuni ya East African Tanning Extract ilipanda miwati katika mashamba makubwa karibu na mji, ili maganda yake yatoe dawa ya kudabaghi ngozi. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa na vyama na makampuni ya wananchi, yakagawanywa; na mwishowe hata ardhi ya kampuni ile ya miwati iliuzwa vipande vipande. Hivi ndivyo miti iliyopandwa kwa ajili ya matajiri wachache ilivyopata kuwa mali ya watu wengi wenye ekari 5, au 10, au 40.

Mwezi wa Februari mwaka 2018 Serikali ilizuia ukataji wa miti katika misitu ya umma, na zuio hilo lilidumu hadi mwaka 2023 Rais William Ruto alipotangaza kuliondoa. Katika miaka hiyo wapasua mbao na wanunuzi wa nguzo waligeuza macho yao kwenye miti ya wakulima. Mtu aliyekuwa akiitazama mikaratusi yake kuwa kivuli cha ng'ombe alishtuka kuona lori limesimama langoni na mgeni akimwuliza bei. Wengi waliuza miti ikiwa imesimama, wasijue hesabu yake, na mnunuzi aliingia na watu wake na trekta ya kukodi, akachukua alichotaka akaenda zake. Aliyebaki na shamba ndiye aliyeona baadaye kilichoharibika.

Trekta si kitu kigeni huku. Labda hakuna sehemu ya Kenya ambako mtu huzoea kuiona zaidi. Katika vituo vya biashara zimeegeshwa zikingoja kukodiwa, nyingine mpya zinang'aa, nyingine zimechakaa hata rangi haijulikani, lakini bado zinalima. Watoto huzijua kwa mlio kabla hazijatokea kwenye kona. Walakini trekta hiyo iliundwa kwa ajili ya shamba lililo wazi. Kuiingiza kati ya miti ni jambo jingine kabisa, na mtu aliyelima ngano miaka 20 huweza kuwa mwanafunzi siku ya kwanza anapofunga mnyororo kwenye gogo.

Chukua mfano wa mwalimu mstaafu mwenye ekari 20 upande wa Turbo, ambaye ekari 4 katika hizo ni mikaratusi iliyo kwenye mteremko. Kazi ya miti haifanywi wakati wowote. Mvua huanza Machi na kuendelea hadi Septemba, mahindi huvunwa kuanzia Oktoba, na trekta hupata nafasi kati ya mavuno na kulima, yaani Desemba na Januari, wakati ambapo ardhi pia imekauka. Anayengoja hadi Aprili hukuta njia imekuwa tope, magurudumu yanazama, na dereva anaongeza moto bure.

Kabla mti wa kwanza haujakatwa, mwenye shamba mwangalifu hupitia miti yake kwa miguu akiwa na panga, akitia alama. Hatii alama miti tu, bali na njia. Trekta itapita hapa, itageukia pale, haitavuka safu hii. Dereva aliyezoea kukimbilia malipo ya siku huona jambo hilo ni kupoteza wakati.

"Mwalimu, mimi nitapita popote penye nafasi," husema. "Trekta ina nguvu."

"Najua ina nguvu, kijana wangu," hujibiwa. "Ndiyo sababu nakuonyesha njia."

Mzee huyo ana haki. Udongo ukishinikizwa na magurudumu hushikamana, mizizi hukosa hewa, na maji ya mvua hutiririka juu badala ya kuzama. Tena sehemu kubwa ya madhara hayo hutokea katika safari chache za kwanza. Trekta ikipita mara 30 katika njia moja, njia hiyo moja ndiyo itakayoumia. Ikipita mara 3 katika njia 10, shamba zima limeumia. Wanaojua kazi hutandika matawi na majani ya miti iliyokatwa juu ya njia, nayo hupunguza uzito wa magurudumu kama godoro.

Lakini udongo si hasara ya kwanza. Hasara ya kwanza ni kisiki. Mkaratusi ukikatwa vizuri haufi. Hutoa machipukizi, na kutokana na machipukizi hayo mkulima huvuna tena bila kununua mche wala kuchimba shimo. Kisiki kimoja huweza kuvunwa mara mbili, tatu na hata zaidi. Yapasa kikatwe chini, kiasi cha upana wa kiganja kutoka ardhini, kwa msumeno mkali, kwa mlalo kidogo ili maji yasikae juu yake, na ganda lisichanike. Maana chipukizi hutoka chini ya ganda. Gurudumu la trekta likipanda juu ya kisiki, au gogo linaloburutwa likikikwaruza na kulibandua ganda lake, kisiki hicho huenda kisichipue kamwe. Wale walioacha wanunuzi waingie na trekta bila njia waliuza mavuno matatu kwa bei ya moja.

Sasa tuje kwa dereva. Gogo bichi la mkaratusi lenye ujazo wa mita moja huweza kuwa na uzito wa karibu tani moja. Trekta ndogo ya namna ya Massey Ferguson 135, ambayo ingali ikifanya kazi katika mashamba mengi, yenyewe ina uzito wa kama tani moja na nusu. Kwa hiyo mashine haivuti kitu kidogo nyuma yake. Yavuta kitu kinachoweza kushindana nayo. Gogo likikwama kwenye kisiki na dereva akaachia klachi ghafula, magurudumu ya nyuma hayawezi kwenda mbele. Nguvu ya injini lazima itoke mahali. Basi badala ya magurudumu kuzunguka, trekta yenyewe huzunguka juu ya ekseli yake: pua huinuka, na mashine hupinduka nyuma juu ya yule aliyekaa kwenye kiti. Yote hayo huisha kwa muda usiozidi sekunde mbili. Mtu hapati nafasi ya kuruka.

Hatari hiyo ni ya zamani kama trekta zenyewe. Fordson, iliyoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1917 na Henry Ford, ilikuwa na sifa mbaya ya kupinduka nyuma plau ilipokwama kwenye kisiki au jiwe. Harry Ferguson, fundi wa Ireland ya Kaskazini, alilishughulikia jambo hilo kwa kubuni ile mikono mitatu ya nyuma inayoendeshwa kwa haidroli, ambayo leo iko karibu katika kila trekta. Ubora wake ni kwamba plau inapolemewa, mkono wa juu husukuma mbele na kuigandamiza pua ya trekta chini badala ya kuiacha iinuke. Mwaka 1938 yeye na Ford walipatana kwa kushikana mikono tu, na mwaka uliofuata trekta yao ikatoka. Mwaka 1953 kampuni yake iliungana na Massey-Harris, na hapo ndipo jina la Massey Ferguson lilipozaliwa baadaye.

Hata hivyo, akili yote hiyo hupotea mara mtu anapozungusha mnyororo kwenye ekseli, au kuufunga mahali pa ule mkono wa juu kwa sababu ndipo panapofikika upesi. Mnyororo ukifungwa juu ya usawa wa ekseli, kila nguvu inayoongezwa huivuta trekta kichwa nyuma. Mahali pake ni kwenye chuma cha kuvutia kilicho chini kabisa. Tena mkia wa mnyororo uwe mfupi, na gogo lianze kuvutwa polepole. Kuongeza vyuma vya uzito mbele husaidia. Na fremu ya chuma juu ya kiti, pamoja na mkanda wa kumshika dereva, ndiyo inayomwokoa mtu wakati mengine yote yameshindwa. Sweden iliifanya kuwa sheria kwa trekta mpya tangu mwaka 1959, na vifo vya kupinduka vikapungua sana. Katika Uasin Gishu trekta nyingi za zamani hazina fremu hiyo. Wengine huiondoa kwa makusudi ili mashine iingie chini ya matawi, jambo ambalo ni upumbavu mtupu, kwa kuwa tawi hukatwa kwa panga kwa dakika moja.

Tanboi naye asisahauliwe. Huyu kijana, ambaye aghalabu hupanda juu ya mkono wa nyuma au hukaa kwenye bawa la gurudumu, hana kiti wala mkanda, na mnyororo ukikatika humpiga yeye kwanza. Mahali pake ni pembeni, mbali kuliko urefu wa mnyororo, akimwonyesha dereva kwa mkono. Vivyo hivyo penye msumeno wa meza unaozungushwa na shafti ya trekta. Shafti hiyo huzunguka mara 540 kwa dakika. Ikishika upindo wa koti, haingoji mtu aite. Kifuniko chake cha plastiki hugharimu kidogo sana ukilinganisha na mkono wa mtu, lakini katika mashine nyingi kimevunjika na hakuna aliyekirudisha.

Kuna mahali trekta haifai kabisa. Kwenye mteremko mkali unaoshukia mto, maksai wawili wenye nira hulivuta gogo dogo bila kuchimba ardhi, na hujua wenyewe kusimama likikwama. Faida ambayo hakuna kiwanda kilichoweza kuiiga. Wakulima wengine hutumia winchi iliyofungwa nyuma ya trekta, ambayo hukaa juu penye tambarare na kulivuta gogo kwa kamba ya chuma. Ni njia nzuri kwa aliye na fedha.

Tena, chini kabisa, kando ya maji, swali si jinsi ya kuivuta mikaratusi bali kama ilistahili kupandwa hapo. Mti huu hunywa maji mengi. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliamuru ile iliyo kando ya mito na chemchemi ing'olewe, na watu wengi walinung'unika. Mkulima anayeikata sehemu hiyo hafai kungoja machipukizi. Heri aache miti ya asili irudi, na trekta isikanyage ukingo.

Gogo likifika barabarani, kazi ya injini imekwisha na kazi ya karatasi yaanza. Miti ya shambani ni mali ya mwenyewe, lakini kusafirisha mbao na nguzo kwahitaji kibali cha Huduma ya Misitu, na lori lisilo nacho hulala kwenye kizuizi cha polisi. Mnunuzi mkubwa ni wa nguzo za umeme: hutaka mti ulionyooka, asiutake wenye kigongo. Ile iliyopinda hupasuliwa mbao, na mabanzi huenda kuwa uzio au kuni za jikoni.

Mwezi wa Machi, mvua za kwanza zinaponyesha, trekta hurudi kwenye mahindi. Kule mteremkoni visiki huanza kutoa machipukizi, kumi au ishirini kila kimoja, mekundu kwanza, kisha ya kijani. Kabla hayajapita urefu wa mtu, mwenye shamba hupita tena na panga, akabakisha mawili au matatu yenye nguvu, yaliyoshika vizuri upande upepo utokako, na mengine huyakata. Ng'ombe hufungiwa nje kwa waya. Ile njia moja ya trekta huachwa wazi, imeota nyasi, ikingoja miaka minane au kumi hadi itakapohitajiwa tena.