Vifaru vya Makopo Uani Kwetu



Mama mmoja kijana wa kikundi chetu cha maombi aliniuliza hivi karibuni kama ni vema mtoto wa nyumba ya Kikristo kuchezea vifaru na mizinga. Mwanawe ana miaka tisa, anavitengeneza mwenyewe kwa maboksi, na chumba kimejaa. Nilimwambia aje kwangu tunywe chai, maana jibu langu si la neno moja. Nimelea wavulana watatu, ambao sasa ni watu wazima wenye nyumba zao, na mwaka 1991 ua wetu hapa Ngamiani ulikuwa jangwa la Kuwaiti.

Kwa wale wasioijua Tanga, Ngamiani ni upande wa pili wa reli, mitaa imenyooka na barabara zake zinaitwa kwa namba. Jina lenyewe limebeba ngamia, na wanangu walisema ndiyo maana jangwa limekuja kwetu. Iraki ilikuwa imeivamia Kuwaiti tarehe 2 Agosti 1990. Mabomu ya Marekani na wenzake yalianza Januari 17, 1991, na kufikia mwisho wa Februari vita vikawa vimekwisha. Televisheni hatukuwa nayo. Tanzania Bara ilipata kituo chake cha kwanza mwaka 1994. Watoto walisikia habari redioni na kuziona picha kwenye magazeti tuliyofungiwa maandazi. Kwa picha hizo zenye mafuta wakaanza kujenga.

Naomba mniruhusu nieleze kazi ile, kwa sababu watu wengi huona takataka tu. Mwili wa kifaru ulikuwa kopo bapa la samaki lililogeuzwa chini juu. Kichwa cha juu, kile kinachozunguka na mzinga wake, kilikuwa kopo la dawa ya viatu. Walilitoboa katikati wakalishikiza kwa msumari mmoja uliopindwa kwa ndani, likawa linageuka vizuri kabisa. Mzinga ulikuwa kalamu ya Bic iliyokwisha wino. Magurudumu yalikuwa visoda, viwili viwili, vikigongwa kwa jiwe mpaka vishikane. Minyororo ilikatwa kutoka tyubu kuukuu ya baiskeli, ikapigwa alama kwa kisu ili ionekane ina meno.

Malori yalikuwa kazi ya kaka mkubwa. Tayari alikuwa na lori la waya lenye matairi ya kandambili, lile la kusukumwa kwa usukani mrefu. Hakujenga jipya. Alilikata paa, akaweka mabenchi mawili yaliyochongwa kwa ule mti mwepesi unaochomoza katikati ya mkonge unapotaka kutoa maua, kisha akalifunika turubai la kaptula ya kaki iliyokuwa imemshinda mdogo wake kwa kubana. Lori la mizigo likawa la jeshi.

Rangi ya jangwa ndiyo iliyowasumbua. Kwanza walipaka uji mzito wa unga wa muhogo, wakanyunyizia mchanga juu yake. Mchanga ule waliuchekecha kwa chekeche langu la unga, jambo ambalo tulilizungumza kwa kirefu. Ulipokauka ulipendeza mno, lakini usiku mende walikuja wakala jangwa lote. Baadaye walipata mabaki ya rangi ya mlango, wakachanganya nyeupe na kahawia, wakatupia mchanga kabla haijakauka. Hiyo ilidumu.

Nilikuwa na masharti yangu. Ukingo wa bati ulipaswa kukunjwa kwa koleo na kusuguliwa kwenye jiwe kabla kitu hakijaingia ndani, kwa sababu pepopunda si mchezo, na mama asimamie chanjo za watoto wake. Vipande vyote viokotwe kabla ya jua kutua. Na hakuna kumwelekezea mtu mzinga, hata wa kalamu. Mtoto aliyenunuliwa bastola ya plastiki dukani hana la kuifanyia ila kumlenga mwenzake. Aliyekesha na kopo anafikiria magurudumu. Huo ndio msimamo wangu, na wapo wacha Mungu wanaoupinga.

Kanisani maneno yalikuwapo, lakini ajabu ni kwamba hayakuanzia kwenye vifaru. Yalianzia kwenye dadu. Wavulana walikuwa na kanuni zao: gari linakwenda shibiri nyingi kadiri dadu ya ludo inavyosema, na ukilenga adui, sita ndiyo inayopiga. Mama mmoja aliwaona akaniambia nafundisha kamari, akanikumbusha kwamba askari waliipigia kura kanzu ya Bwana chini ya msalaba. Nilimheshimu, nikamjibu kwamba hapa hapana fedha wala kanzu. Nabii Isaya katika sura ya pili anasema habari za panga kufanywa majembe, akaniuliza, je, mimi nafanya majembe kuwa panga? Swali hilo lilinikaa. Sikuwanyang'anya watoto vitu vyao, ila nilianza kukaa karibu na mchezo wao nikisikiliza.

(Mdogo wao aliwahi kutaka waongeze nyuki. Shuleni walikuwa wamefundishwa vita vya hapa kwetu vya Novemba 1914, Waingereza walipoleta askari kama 8,000, wengi wao kutoka India, wakashindwa na jeshi la Wajerumani la watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika, na nyuki wakawauma watu vibaya. Nilimwambia jangwani hakuna maua.)

Siku moja akaja kaka yangu, mjomba wao. Yeye alikuwa kwenye kikosi cha vifaru katika vita vya Kagera. Aliondoka mwishoni mwa 1978 Amin alipotuvamia, akarudi nyumbani mwaka 1981. Kwa miaka kumi hakuwa amesema neno juu ya vita vile, si kwa mama yetu, si kwa mkewe, wala si kwangu. Tulizoea. Alikunywa chai uani, akakitazama kifaru cha kopo kwa muda mrefu, akasema, "Magurudumu ni matano. Nanyi mmeweka manne." Akaaga, akaenda zake.

Jumamosi iliyofuata alirudi na kipande cha tyubu na visoda mfukoni. Akakaa chini mchangani na wapwa zake. Aliwaonyesha kwamba kifaru cha Kichina kina magurudumu matano kila upande, na lile la kwanza limejitenga kidogo na ya nyuma yake. Akawaambia vya aina hiyo ndivyo alivyokwenda navyo Uganda, na kwamba hata Wairaki wanavyo. Akawaeleza habari za Lukaya, Machi 1979, penye kinamasi, ambako majeshi yetu yalikutana na askari wa Libya waliotumwa kumsaidia Amin, watu waliotoka jangwani kweli. Mimi nilikuwa nachambua mchele mlangoni. Nadhani niliuchambua ungo ule ule mara tatu.

Ndipo mwanangu wa kati akauliza, "Mjomba, kikiwaka moto, waliomo ndani wanatokaje?"

Kaka yangu alinyamaza kidogo. Akasema, "Kuna kifuniko juu. Wengine wanatoka." Mtoto akangoja. "Wengine hawatoki, mwanangu."

Hakuongeza neno, na hakuna aliyemwuliza. Mtoto akachukua msumari na jiwe, akaanza kutoboa kopo la dawa ya viatu, tundu karibu na tundu, mpaka akakata duara dogo. Akalishikiza kwa waya mwembamba liweze kufunguka. Mjomba wake alimshikia kopo lisiteleze.

Tangu siku hiyo kila kifaru kilibeba punje nne za mahindi ndani. Kikipigwa, mwenyewe alirusha dadu kuona ni punje ngapi zimetoka, na hakuna aliyeruhusiwa kuendelea kupigana mpaka zilizotoka zifuatwe na kupelekwa kivulini chini ya mwembe. Kanuni hiyo waliitunga wao. Michezo yao ikawa mirefu na ya polepole, wengine wa jirani wakachoka wakaenda kucheza mpira.

Kwa kazi ya kubeba punje ilibidi lijengwe gari la wagonjwa. Walilitengeneza kwa kopo la majarini, wakalipaka nyeupe iliyobaki. Kwa ule msalaba mwekundu wa ubavuni walitumia rangi ya kucha ya binti yangu, ambayo mpaka siku hiyo sikujua kama anayo.