Nilivyokuwa Mwalimu wa Kent State

Nadhani mtacheka nikisema kwamba likizo ya Desemba niliimaliza nikifundisha timu ya chuo cha Marekani. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, ambaye wanafunzi wa zamani watamkumbuka kwa mbio zake, anasoma huko Ohio. Alipokuja Kampala kututembelea alileta PlayStation yake na mchezo uitwao College Football 25. Mchezo huo ulitoka Julai 2024. Wa mwisho wa namna hiyo ulikuwa umetoka mwaka 2013, kisha ukakoma, kwa sababu wachezaji wa vyuo walikwenda mahakamani wakilalamika kwamba sura zao zinauzwa nao hawapati hata senti. Safari hii kila mchezaji aliyekubali kuwekwa humo aliahidiwa dola 600 na nakala ya mchezo.

Mpira wenyewe si huu wetu. Ni ule wa Kimarekani, wa kukimbia na mpira mikononi na kuangushana, na sheria zake mpaka leo sizijui zote. Kilichonishika mimi ni kazi ya mwalimu nje ya uwanja, yaani kutafuta vijana. Huko mwalimu wa chuo humfuata kijana angali sekondari, akambembeleza yeye na wazazi wake, na walimu kumi wengine wanambembeleza vile vile.

Nilitaka kuchukua Alabama, timu iliyotwaa ubingwa wa nchi mara sita chini ya mwalimu Nick Saban, kati ya 2009 na 2020. Kaka akakataa. “Ukipewa Alabama utajifunza nini, ndugu yangu? Chukua Kent State.”

Basi nikachukua Kent State. Chuo hiki kiko katika jimbo lile lile la Ohio State. Kent wana uwanja wa watu 25,000 hivi. Ohio State wanaingiza zaidi ya 100,000. Katika mchezo kila timu hupewa nyota kwa kadiri ya jina lake, na Kent wako chini kabisa. Vijana nao wana nyota zao, moja mpaka tano. Mwalimu hupewa saa zake za kutafuta, zenye kikomo, na orodha yake haiwezi kupita vijana 35. Nilipowaendea wenye nyota tano hawakunitazama hata kidogo. Nilipoteza wiki nyingi kwa ujinga huo.

Hapo ndipo nilipoona jinsi jina linavyofanya kazi. Timu yenye jina hupata vijana bora, vijana huleta ushindi, ushindi huongeza jina, na mwaka ujao vijana hugombania kuingia. Yule wa chini naye huzunguka hivyo hivyo, ila kwa upande wa kushuka. Kaka alisema jambo hili wabunifu wa mchezo hawakulitunga. Katika msimu wa 2024 Kent State walicheza mechi 12 wakafungwa zote 12. Msimu huo huo Ohio State wakawa mabingwa wa nchi, wakiwafunga Notre Dame 34 kwa 23. Na Saban mwenyewe, ajabu, ujana wake aliuchezea Kent State!

Lakini mlango haujafungwa kabisa. Kila chuo kina alama, A mpaka F kama za mitihani yetu, katika mambo 14: masomo, uwanja, nafasi ya kucheza, ukaribu na nyumbani, na mengineyo. Kila kijana ana machache anayoyataka, na moja ambalo likikosekana hakusikilizi tena. Nikaacha kuwasifia chuo kwa jumla, nikaanza kuuliza kila mmoja anataka nini. Nikampata kijana mzuri sana wa Ohio, aliyetaka kucheza upesi tena karibu na kwao. Baada ya misimu minne Kent yangu ilikuwa na nyota tatu. Kaka alisema ni haraka mno, si kweli. Mimi nikamjibu kwa habari zake mwenyewe: Indiana walishinda mechi 3 tu mwaka 2023, wakaja na mwalimu mpya, wakashinda 11 mwaka 2024. Akanyamaza, kisha akasema kwamba katika mchezo wangu fedha hazimo, na tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa jina lao, kwa hiyo mwalimu wa kweli hubembeleza na mwenye pochi kando yake. Hapo alinishinda.

Kisha nikafanya tamaa. Nilichukua vijana wanne wa nafasi moja. Msimu ulipokwisha wawili wakahama. “Uliahidi kiti kimoja kwa watu wanne,” kaka akasema.

Maneno hayo yalinirudia Februari. Mdogo wangu, kipa wetu, alikuwa amemaliza Kidato cha Nne, na bwana mmoja wa shule kubwa yenye jina katika kandanda akaja nyumbani: karo bure miaka miwili, viatu juu yake. Mimi ni nahodha wa timu yetu. Mwaka uliopita rafiki yetu mmoja aliondoka kwa njia hiyo hiyo, na tulipokutana wilayani sikumpa mkono. Usiku ule nilitaka kumwambia mdogo wangu abaki, na maneno nilikuwa nayo tayari. Nikaona kwamba nasema kama mwalimu wa timu, si kama ndugu. Nikamwuliza, “Wewe unataka nini kwanza?”

“Kudaka,” akasema.

Kulipokucha nikamwomba baba ruhusa, nikamwuliza yule bwana kwa adabu wana makipa wangapi. Akasema watatu, wote wazuri. Mdogo wangu akatazama chini. Baba akakohoa, akasema, “Wanangu, karo ya watu wawili mnaijua.” Tuliijua.

Aliondoka mwezi wa tatu. Mechi hajapata bado, ila ameniambia kwa simu kwamba yule kipa wa tatu ameumia kidole. Rafiki yetu wa mwaka jana analala kitanda cha jirani naye, nimemtumia salamu.

Golini petu sasa tuna kijana wa Kidato cha Pili, mfupi, ambaye nilimfuata mwenyewe bwenini kwake. Nilimwahidi nafasi ya kucheza, maana sikuwa na kingine cha kumpa.