Liemba, meli iliyozama ikarudi



Juzi darasani mtoto mmoja alituuliza: "Mwalimu, kwetu tulitoka na basi gani?" Wakubwa wakacheka. Yeye amezaliwa hapa kambini, Ziwa Tanganyika hajaliona hata siku moja. Basi sisi walimu tukaona tuandike habari za bandari ya Kigoma na meli Liemba, maana familia nyingi za hapa zilipitia huko.

Kigoma ni mwisho wa reli ya kati, iliyofika pale mwaka 1914 kutoka Dar es Salaam, wakati Wajerumani wanatawala. Meli waliiunda kwao Papenburg mwaka 1913, kisha wakaifungua vipande vipande na kuipakia katika masanduku kama 5,000. Ikavuka bahari, ikapanda treni, ikaunganishwa upya Kigoma. Februari 1915 ikashushwa majini kwa jina la Graf von Götzen. Ilikuwa meli ya mvuke: moto unachemsha maji, mvuke unasukuma injini, meli inakwenda.

Vita ikawageuka. Julai 1916, kabla ya kuikimbia Kigoma, Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Lakini mafundi kwanza walizipaka injini grisi nyingi. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena kwa dhoruba. Mwaka 1924 Waingereza wakaitoa majini, na injini zile bado zilikuwa nzima! Mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa. Ilikwenda kwa mvuke mpaka miaka ya 1970, ndipo ikawekewa injini za dizeli.

Vijiji vingi vya ziwani havina gati. Liemba ilisimama mbali kidogo, ikapiga honi, na mitumbwi ikaifuata na watu, dagaa na magunia.

Mwaka 1997 meli hiyo iliwarudisha Wakongomani zaidi ya 75,000 kutoka Kigoma mpaka Uvira, kwa safari 22. Wazee wengine wa hapa walikuwamo. Walirudi nyumbani, halafu vita ikawatoa tena.

Sisi wengine tunaikumbuka Mei 2015. Tulikuwa watoto wa shule, tumekwama Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa. Watu walikuwa maelfu na kipindupindu kimeingia. Tulipelekwa kwa mitumbwi mpaka ubavuni mwa meli, tukavutwa juu mkono kwa mkono. Mama zetu walishika watoto na sufuria, basi. Tulivyojazana mle tuliogopa itazama. Hatukujua kwamba ilishazama mara mbili, na mara zote mbili iliinuliwa.

Wazazi, tunajua mambo haya ni mazito kusema. Lakini mtoto asiyeambiwa anajitungia mwenyewe. Tunawaomba jioni moja, baada ya chakula, mmwambie mtoto mlipitia wapi, mlipanda chombo gani, na mlibeba nini mkononi. Aandike kwenye daftari, hata mistari mitano tu, alete shuleni. Tutayasoma darasani, kila mmoja na safari yake.

Tubaki salama.