Nyumba ya Mkate wa Tangawizi: Tafakuri juu ya Ujenzi Usiodumu

Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta imesimama juu ya imani moja kubwa, nayo ni kwamba ukuta hujengwa ili udumu. Fundi huchimba msingi, hupanga mawe na kupiga lipu akitumaini kwamba wajukuu wake wataikuta nyumba. Hata hivyo, katika nchi za Ulaya ya Kati na ya Kaskazini ipo nyumba ambayo hujengwa kwa makini kila mwaka kabla ya Krismasi, ilhali kila anayeijenga anajua kwamba haitaumaliza mwezi wa Januari. Nyumba hiyo huokwa, husimamishwa, hupambwa, na hatimaye huvunjwa na kuliwa. Je, ni nini kinachomfanya mtu atoe siku mbili au tatu za kazi kwa ajili ya jengo ambalo hatma yake ni tumboni?

Mkate wa tangawizi, licha ya jina lake, si mkate wa kawaida. Ule wa kujengea ni biskuti ngumu ya rangi ya kahawia iliyokandwa kwa asali au shira, ikatiwa tangawizi, mdalasini, karafuu na wakati mwingine iliki. Wajerumani huuita Lebkuchen au Pfefferkuchen, nao Wanorwei huuita pepperkake. Majina haya mawili ya mwisho yamebeba neno pilipili, kwa maana hapo kale pilipili iliwakilisha viungo vyote vilivyotoka ng'ambo. Mji wa Nürnberg huko Ujerumani ulipata sifa kwa uokaji huu kwa sababu asali ilipatikana katika misitu iliyouzunguka, na viungo viliufikia kwa njia za biashara zilizotoka Venice. Mwaka wa 1643 waokaji wa mkate huu mjini humo walikuwa na chama chao rasmi cha mafundi. Ama kwa hakika, hii ilikuwa kazi ya watu waliofuzu, wala haikuwa mchezo wa watoto.

Mwanafunzi wa fasihi hawezi kuitaja nyumba inayolika bila kuikumbuka ngano ya Hänsel na Gretel, iliyochapishwa na ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm, mwaka wa 1812. Jambo ambalo aghalabu husahaulika ni kwamba katika matini yao hamna tangawizi. Nyumba ya mchawi imejengwa kwa mkate, ikaezekwa kwa keki, na madirisha yake ni ya sukari. Tangawizi iliingizwa na waliokuja baadaye. Katika opera ya Engelbert Humperdinck, ambayo maneno yake yalitungwa na dada yake Adelheid Wette na ikaigizwa kwa mara ya kwanza mjini Weimar mnamo Desemba 1893, mchawi huwageuza watoto wenyewe kuwa mikate ya aina hii. Hivyo basi, nyumba inayopamba meza za Krismasi leo ni zao la hadhira iliyoipokea ngano na kuiongezea viungo vyake.

Isitoshe, ngano hiyo ina uchungu ambao mapambo ya sukari huuficha. Watoto wale wawili wa mkata kuni walitupwa msituni kwa sababu njaa iliingia nchini na chakula hakikutosha nyumbani. Nyumba yenye ukuta wa mkate ni njozi ya mtu ambaye hajala. Mtoto wa leo anayebandika peremende kwenye paa, akiwa ameshiba, anaichezea njozi ya mtoto mwenzake aliyelala na njaa.

Ujenzi wenyewe una nidhamu yake. Donge likishakandwa huachwa mahali pa baridi usiku kucha ili likazane. Kesho yake husukumwa kwa unene ulio sawa, milimita tano hivi, kisha hukatwa kwa kufuata vigezo vya karatasi ngumu: kuta mbili za ubavuni, mbili za mbele na nyuma, na mapande mawili ya paa. Mwokaji mwangalifu hapendi hamira nyingi, kwa kuwa ukuta unaofura hupoteza vipimo. Mapande yakitoka jikoni hupunguzwa kingo yangali moto, maana yakipoa hukatika ovyo. Madirisha hutengenezwa kwa peremende zilizopondwa na kumwagwa katika matundu, zikayeyuka ndani ya joko na kuganda kama kioo.

Saruji ya nyumba hii ni ute wa yai uliopigwa na sukari ya unga mpaka ukawa mzito. Hapa ndipo pupa huadhibiwa. Kuta husimamishwa kwanza, zikaegemezwa kwa mikebe au vikombe, na huachwa kwa saa kadhaa mpaka saruji ikauke. Anayewahi kuweka paa huona mapande yakiteleza taratibu, yakazisukuma kuta nje, na jengo zima likalala. Aidha, asali na sukari huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo hata nyumba iliyosimama vizuri huanza kulegea siku zinavyosonga. Kwa msomaji wa Mombasa au Lamu, anayeijua hewa ya pwani, si vigumu kukisia kwamba jengo la namna hii lingemchosha fundi wake huko mapema zaidi.

Pwani hiyo, kwa kweli, haiko mbali na kuta hizi kama inavyodhaniwa. Karafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na katika karne hiyo hiyo Unguja na Pemba zikawa chimbuko kuu la karafuu duniani. Mashamba hayo yalilimwa kwa jasho la watumwa hadi hali ya utumwa ilipoondolewa kisheria visiwani mwaka wa 1897. Harufu ambayo Mzungu huinusa na kuikumbuka Krismasi ya utotoni mwake, kwa Mpemba ni harufu ya majamvi yaliyoanikwa karafuu juani. Nyumba ya mkate, kama nyumba nyingine nyingi, ina wajenzi ambao hawakualikwa kwenye karamu.

Tukio lililoipima maana ya ujenzi huu lilitokea Bergen, mji wa bandari nchini Norwei. Tangu mwaka wa 1991, watoto wa shule, familia na makampuni ya mji huo huoka nyumba zao na kuzileta pamoja, zikawa mji mdogo wenye makanisa, meli na magari ya moshi. Mnamo Novemba 2009, siku chache kabla ya maonyesho kufunguliwa, mtu aliingia usiku na kuuharibu mji huo. Lau thamani ya nyumba hizo ingekuwa katika biskuti peke yake, hasara isingestahili machozi, kwa kuwa mwisho wake ulikuwa kuvunjwa. Lakini wakazi walihuzunika, kisha wakarudi jikoni. Nyumba mpya zililetwa, na mji ukasimama tena msimu ule ule.

Yamkini jibu la swali lililoulizwa mwanzoni limo katika majiko hayo. Kuvunjwa na mwenyewe, kwa wakati wake na kwa kicheko cha watoto, ni sehemu ya sherehe. Nchini Uswidi, kwa mfano, desturi ni kuivunja na kuila tarehe 13 Januari, siku ya Knut, inayofunga msimu wa Krismasi. Kuvunjwa na mgeni wa usiku ni dhuluma, kwa sababu hunyang'anya watu mwisho ambao wao wenyewe waliuchagua.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anaifahamu hali hii. Ngano ikishasimuliwa, sauti ya fanani hutoweka na hadhira hutawanyika, wala hakuna anayelalamika kwamba kazi imepotea. Itasimuliwa tena, nayo haitakuwa ile ile. Msiba huja pale ambapo hapana anayejua kuisimulia. Vivyo hivyo, familia inayojenga nyumba ya mkate haihifadhi nyumba. Makombo hufagiliwa, na vigezo vya karatasi, vyenye madoa ya siagi na alama za kalamu ya mtu aliyevikata miaka mingi iliyopita, hurudishwa katika saraka ya jikoni kungoja Desemba nyingine na mikono mingine midogo itakayofundishwa kungojea kuta zikauke.