Usimlazimishe Mtoto Amuite Baba

Mzazi akioa ama akiolewa tena, watu wazima hukimbilia jambo moja: jina. "Huyu sasa ni baba yako, muite baba." Maze, hapo ndipo mambo mengi huharibika.

Mathe aliolewa tena nikiwa na miaka 11, tukahama Kawangware tukaenda Uthiru. Mashangazi waling'ang'ana nimuite huyo mzee baba. Na mimi baba ninaye! Kila Jumamosi mathe alinipeleka tao, buda ananichukua nje ya Archives pale Moi Avenue. Kumpa mtu mwingine jina lake niliona kama kumfuta.

Aliyeniokoa ni huyo mzee mwenyewe. Aliwaambia, "Mwacheni aniite Anko." Jumamosi zangu hakuzigusa. Buda akichelewa, hakumsema vibaya mbele yangu. Kukemea alimwachia mathe, yeye akangoja kwanza tuzoeane. Na binti yake alipohamia kwetu, pesa ya matumizi aliyompa ndiyo aliyonipa mimi. Ni vitu vidogo, lakini haba na haba hujaza kibaba. Leo nina miaka 22, bado namuita Anko, na nikiulizwa nina wazazi wangapi, nasema watatu.

Hata sheria inaelewa hivi. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wake, na kinawapa mama na baba wajibu sawa, wawe wameoana au la. Kinasema pia maslahi ya mtoto ndiyo muhimu zaidi. Ndoa mpya haimfuti mzazi wa kwanza.

Kwa hivyo mzazi, mwambie mtoto mapema, si siku ya kuhama. Mtengee muda wenu wawili tu, hata kama ni kutembea kwenda dukani kununua mkate. Akinyamaza ama alama zikishuka shuleni, usiseme ana kichwa ngumu. Huenda anaomboleza nyumba ya zamani.

Na wewe uliye ndani ya stori hii: kumpenda wa nyumbani si kumsaliti wa Jumamosi. Lakini ukipigwa, ukinyimwa chakula ama ukishikwa vibaya, hiyo si kuzoeana. Mwambie mtu mzima unayemwamini, ama piga 116. Ni laini ya kusaidia watoto, na ni ya bure.