Pande Mbili za Mtu wa Njombe

Haiba ya mtu aliyekulia Njombe kisha akahamia ughaibuni huwa na pande zinazovutana, na nyingi kati ya hizo zilikuwamo kabla hajapanda ndege. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Juni na Julai sakitu huunguza mashamba. Watu hujikunyata karibu na moto, na mtoto hufundishwa kungoja mkubwa amalize kusema. Makambako, kiasi cha kilomita 60 kutoka hapo, ni njia panda. Barabara ya Songea huachana pale na ile ya Dar es Salaam hadi Zambia, na treni za TAZARA zina stesheni. Kwenye madirisha ya mabasi, anayengoja abiria amalize kusema hauzi hata hindi moja la kuchoma. Kijana aliyepitia malezi yale na biashara hii tayari ana sauti mbili.

Kuhama nako si kugeni. Enzi za ukoloni wanaume wengi wa Kibena, kabila la Njombe, walikwenda kwa mikataba kukata mkonge Tanga na Morogoro. Kambini waliishi kwa Kiswahili pamoja na watu wa makabila mengine, mbali na macho ya wazee. Wakirudi walisalimia “Kamwene” na kukaa panapowastahili. Mila zenyewe zilikwishaacha nafasi ya mabadiliko ya namna hiyo: mtu anayeinamisha macho mbele ya wakwe huruhusiwa kumchokoza mtani wake hata msibani, wala hakuna amwitaye mnafiki.

Wanasaikolojia wamekutana na jambo linalofanana na hilo. Mwaka 2006 Nairán Ramírez-Esparza na wenzake waliandika kuhusu watu wa Marekani na Mexico wanaojua Kihispania na Kiingereza. Walipojibu maswali kwa Kiingereza, walijitokeza kuwa wachangamfu zaidi. Basi Mbena wa Leicester, Uingereza, anayembishia msimamizi wake mchana, na jioni akaitikia simu ya mjomba kwa unyenyekevu, haigizi popote. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995 humtaka mtu mzima achague nchi moja. Lakini tabia haina dirisha la uhamiaji.

Tatizo la kweli huanza pale pande hizo zinapotoa ahadi zinazogongana. Wapo wanaowaambia ndugu kwamba nyumba inayojengwa Makambako ni ya kurudi kuishi, huku mwenzi aliyeko ughaibuni akijua kuwa ni ya kupangisha. Huo si utajiri wa haiba, ni kukwepa mazungumzo magumu. Mara nyingi wa kwanza kuligundua ni fundi, anayepokea simu mbili kuhusu nyumba moja: mmoja anataka jiko kubwa la familia, mwingine anataka kila chumba kiwe na mlango wake wa nje na luku yake ya umeme.